Mwajiri, Mwalimu na Mtoto Mchanga: Historia Fupi ya Muda wa Mwanamke Mfanyakazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mfanyakazi anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake ndani ya muda wa kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Kifungu hicho hicho kinatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ni kifungu kizuri. Watumishi wengi wanakifahamu, hata kama baadhi ya wakuu wao wa idara hujifanya hawakifahamu. Lakini lipo swali ambalo sijalisikia likiulizwa, hata katika hotuba za Mei Mosi: saa hizo mbili zinakuwa wapi siku ambayo mama huyo hayuko ofisini bali yuko darasani?

Swali hili si la kubuni. Programu za jioni katika vyuo vyetu zimejaa walimu, wauguzi, makatibu muhtasi na maofisa tawala wenye umri wa miaka thelathini na arobaini. Wengi ni wanawake, na wengi wao wako katika umri wa kuzaa. Kipindi huanza saa kumi na moja na nusu jioni na kumalizika saa mbili usiku, na foleni ya kurudi nyumbani ina saa zake. Mtoto wa miezi minne hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu. Hesabu hiyo haihitaji shahada.

Katika makala hii ninataka kuonesha kwamba muda wa kunyonyesha na muda wa kujifunza ukubwani una historia moja, ingawa tumezoea kuisimulia kama historia mbili. Ule wa kwanza tumeuacha kwa Wizara ya Afya na wizara inayoshughulikia kazi. Wa pili tumeuacha kwa Wizara ya Elimu. Wote unachotwa katika chungu kimoja, yaani siku ya mfanyakazi, ambayo mwajiri huihesabu kuwa mali yake. Na kila mara dola ilipogawa muda huo, iligawa kana kwamba anayenyonyesha na anayesoma ni watu wawili tofauti.

Tuanze na saa yenyewe. Wazo kwamba mtoto mchanga anyonye kwa ratiba si la kale, na wala si la huku kwetu. Bibi zetu walimnyonyesha mtoto alipotaka. Alikuwa mgongoni katika mbeleko au ubavuni kitandani, na ziwa lilikuwa karibu. Kipimo chao kilikuwa cha miaka: mtoto anyonye kwa muda gani kabla ya kuachishwa. Waislamu wa pwani walikuwa na aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara inayotaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Bara na pwani kulikuwa na hofu ya kumbemenda mtoto, yaani imani kwamba wazazi wakirudiana kabla ya wakati mtoto atadhoofika. Daktari wa leo ataikataa sababu inayotolewa na imani hiyo. Mwanahistoria ataona matokeo yake: iliwatenganisha watoto kwa miaka miwili au mitatu, na ilimpa mama hoja ya kumwambia mume asubiri.

Ratiba ya saa ililetwa na watu wengine. Aliyeitangaza kwa nguvu zaidi katika himaya ya Uingereza alikuwa Truby King, daktari wa New Zealand aliyekuwa akisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Seacliff. Mwaka 1907 alianzisha mjini Dunedin jumuiya iliyokuja kuitwa Plunket Society. Alifundisha kwamba mtoto anyonyeshwe kila baada ya saa nne kwa kufuata saa ya ukutani, na usiku asinyonyeshwe kabisa. Mama anayemwinua mtoto kila anapolia alihesabiwa kuwa anamharibu tabia. Mwaka 1918 mafundisho hayo yalipata makao London, na kutoka huko yakaenea kupitia vitabu vya malezi na mafunzo ya wauguzi. King alitaka watoto wanyonye maziwa ya mama, na kwa hilo anastahili heshima yake. Lakini ratiba yake ilifanana mno na ya kiwanda: zamu, kengele, nidhamu. Mama aliyeifuata alikuwa akimzoeza mtoto king'ora kabla hajajua kutembea.

Katika eneo la Waswahili mahali ambapo uhusiano wa maziwa na kazi ulionekana waziwazi kuliko kwingine ni Katanga. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyochimba shaba kuzunguka mji ambao leo ni Lubumbashi, ilianza katikati ya miaka ya 1920 kuacha mtindo wa kuajiri vibarua wa muda mfupi, ikawaruhusu wafanyakazi waishi kambini na wake zao. Kambi hizo zilikusanya watu kutoka Kasai, Rwanda na kwingineko, na Kiswahili kikawa lugha yao. Hesabu ya kampuni ilikuwa rahisi: mfanyakazi mwenye familia hatoroki, na mtoto wa leo ni mchimbaji wa kesho. Hapo ndipo kunyonyesha kulipogeuka kuwa suala la uzalishaji. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika makala yake ya mwaka 1988, ameeleza jinsi watawala, waajiri na wamisionari wa Kibelgiji walivyoona kwamba desturi ya kunyonyesha kwa muda mrefu, pamoja na mwiko wa kulala na mume, ilipunguza idadi ya watoto. Wakaamua kuipiga vita. Kliniki za watoto wachanga zikafunguliwa, watoto wakapimwa uzito, mgawo wa chakula ukatolewa kwa mama na mtoto, na akina mama wakahimizwa kuwaachisha watoto ziwa mapema ili wazae tena.

Sisemi kwamba kliniki hizo hazikuokoa maisha, ziliokoa. Lakini tuangalie nani alifundishwa nini. Mume alifundishwa kazi, ili shaba itoke kwa ufanisi zaidi. Mke alifundishwa namna ya kulisha mtoto, ili wachimbaji wazaliwe kwa wingi zaidi. Mafunzo yote mawili yalikuwa elimu ya watu wazima, na yote mawili yalitolewa na mwajiri mmoja kwa faida yake. Mgawanyo huo, wa baba kufundishwa kazi na mama kufundishwa mtoto, haukuzikwa pamoja na ukoloni.

Huko ughaibuni, mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani lilikutana kwa mara ya kwanza, mjini Washington. Mkataba wake wa tatu, uliohusu uzazi, ulimpa mwanamke wa viwandani na wa biashara anayenyonyesha mapumziko ya nusu saa mara mbili kwa siku. Nusu saa hizo ndizo bibi wa saa zetu mbili za mwaka 2004. Ilichukua miaka 55 zaidi kwa shirika hilo hilo kupitisha mkataba kuhusu likizo ya masomo yenye malipo, Mkataba namba 140 wa mwaka 1974. Dunia ilikiri mapema kwamba mtoto ana haki ya sehemu ya siku ya kazi. Ilichelewa sana kukiri kwamba akili ya mfanyakazi nayo inayo.

Tanzania, kwa hilo, haikuisubiri dunia. Kwa maoni yangu hakuna sura ya historia yetu ya elimu inayovutia kuliko miaka ya 1970 hadi 1976. Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa hoja tangu mwanzoni mwa uhuru kwamba taifa haliwezi kuwasubiri watoto wakue ndipo lipate maendeleo. Wa kufundishwa kwanza ni watu wazima, kwa kuwa wao ndio wanaolima na kuzalisha leo. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisomo, ambacho wengine walikiita elimu ya ngumbaru, kikaingia vijijini, viwandani na maofisini. Kanda ya Ziwa ilipata mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO, wenye vitabu vya pamba, ndizi, uvuvi na maarifa ya nyumbani, na hata gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Mwaka 1973 Waziri Mkuu Rashidi Kawawa akatoa agizo kwamba mahali pa kazi pawe pia mahali pa kujifunza, na kwamba masomo hayo yafanyike ndani ya muda wa kazi. Kwa mwajiri lilikuwa agizo zito. Lilimtaka alipe mshahara kwa saa ambayo mashine imesimama.

Mwaka huo huo Radio Tanzania na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ziliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowaingiza watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilikutana kila wiki, kikasikiliza kipindi, kikasomewa kijitabu, kikajadiliana, kisha kikaamua la kufanya, na mara nyingi uamuzi ulikuwa kuchimba choo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, kampeni ya lishe kwa mbinu zile zile. Hapa mada zetu mbili zilikutana uso kwa uso kwa mara ya kwanza: elimu ya watu wazima ikiwa njia, na ulishaji wa watoto ukiwa sehemu ya somo.

Zilikutana, lakini kwa namna ya ajabu. Katika madarasa ya kisomo wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na wengi walikuja na mtoto mgongoni. Yaani walinyonyesha darasani huku wakifundishwa kuhusu lishe. Kwa maneno mengine, darasa la ngumbaru chini ya mwembe lilimpokea mtoto mchanga bila sheria yoyote, jambo ambalo ukumbi wa mihadhara wa leo, wenye feni na projekta, haujaliweza. Upungufu wa kampeni ulikuwa mahali pengine. Ilichukulia kwamba mtoto ana utapiamlo kwa sababu mama hajui. Mara nyingi mama alijua. Mtoto mdogo ana tumbo dogo na anahitaji kulishwa mara nyingi kwa siku. Mama aliyeko shambani tangu alfajiri, kisha kisimani, kisha kuni, hana hizo mara nyingi. Alichokosa ni muda, na muda hautangazwi redioni.

Waliolielewa hilo ni wale wa Iringa. Mradi wa lishe ulioanza huko mwaka 1983, katika vijiji 168, kwa ushirikiano wa Serikali, UNICEF na WHO na kwa fedha za Italia, ulianza na kupima watoto na kuwauliza wanakijiji wenyewe sababu. Majibu yakataja chakula, yakataja maradhi, na yakataja malezi, ambayo ndani yake umo mzigo wa kazi wa mama na idadi ya milo ya mtoto kwa siku. Vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea na kulishia watoto wakati mama wako shambani. Utapiamlo mkali ukashuka kutoka takribani asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2 katika miaka michache. Mtazamo huo wa sababu tatu baadaye ulichukuliwa na UNICEF kuwa mwongozo wake duniani kote. Ni miongoni mwa mambo machache ambayo dunia imejifunza kutoka vijiji vya Tanzania, na wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuyasikia.

Nirudi nyuma kidogo, Novemba 1974. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio ambalo tunalikumbuka zaidi kwa elimu ya msingi kwa wote. Lakini Azimio la Musoma lilikuwa na upande wa pili uliogusa chuo kikuu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hangeingia tena moja kwa moja. Angekwenda kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha angefanya kazi walau miaka miwili, kisha angepata pendekezo la mwajiri na la tawi la chama. Chuo kikuu kigeuzwe kuwa mahali pa wafanyakazi kurudi kusoma, badala ya kuwa daraja linalofuata la wanafunzi ambao hawajawahi kushika jembe wala kalamu ya mshahara. Binafsi naliona kuwa wazo la kimapinduzi zaidi katika elimu ya juu yetu. Lilimpa karani wa miaka 35 nafasi mbele ya mtoto wa miaka 20.

Tatizo lilijitokeza haraka. Idadi ya wanawake walioingia chuo kikuu iliporomoka. Kidato cha sita mtu huwa na miaka ishirini hivi. Ongeza jeshi, ongeza miaka miwili ya kazi, ongeza muda wa kusubiri pendekezo la mwajiri. Hicho ndicho kipindi ambacho wanawake wengi huolewa na kujifungua mtoto wa kwanza. Mwanamume aliyeoa na kupata mtoto katika kipindi hicho alikwenda Mlimani na begi lake. Mwanamke aliyepata mtoto alibaki nyumbani na mtoto wake. Sharti lilikuwa lile lile kwa wote, na mtoto alikuwa wa wote wawili.

Serikali ililiona tatizo, na kufikia mwaka wa masomo 1976/77 ilikuwa imewaondolea wanawake sharti la miaka miwili ya kazi. Wakaruhusiwa kuingia chuo baada ya jeshi tu. Wanaume waliendelea na sharti hilo hadi lilipolegezwa katika miaka ya 1980. Msamaha huo kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa wanawake, na kwa hesabu ya udahili ulikuwa ushindi. Mimi nauona pia kuwa kukiri kushindwa. Zilikuwapo njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha chuo: kulaza wazazi na watoto wao, kujenga kituo cha kulelea watoto, kupanga ratiba kwa kuzingatia kunyonyesha, ili mwanamke mfanyakazi aweze kusoma akiwa mama. Ya pili ni kumpitisha msichana chuoni haraka kabla hajazaa. Tulichagua ya pili kwa sababu ilikuwa nafuu. Ilimsaidia binti wa miaka 21. Mpiga chapa wa miaka 34 mwenye watoto watatu, ambaye Azimio lilikuwa limetungwa hasa kwa ajili ya watu wa aina yake, halikumpa chochote.

Kinachouma zaidi ni kwamba miaka hiyo hiyo dola ilionesha kuwa inaweza. Mwaka 1975 sheria ya ajira ilirekebishwa ili likizo ya uzazi yenye malipo itolewe kwa mwanamke yeyote, aliyeolewa na asiyeolewa. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la kijasiri, na viongozi wa dini na wazee wa heshima hawakukosa la kusema. Kwa hiyo katika kipindi cha miaka mitatu hivi tulikuwa na agizo la masomo ndani ya muda wa kazi, kampeni ya taifa ya lishe, chuo kikuu kilichofunguliwa kwa wafanyakazi, na likizo ya uzazi kwa wote. Vipande vyote vilikuwa mezani. Hakuna aliyeviunganisha.

Yaliyofuata tunayajua. Uchumi uliyumba, agizo la Kawawa likafifia kiwanda baada ya kiwanda, na viwanda vyenyewe vikafifia. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, kilirudisha sehemu ya ndoto ya Musoma, kwa kuwa kitabu cha masafa kinaweza kusubiri mtoto alale. Halafu zikaja programu za jioni na za wikiendi, ambazo mfanyakazi hujilipia mwenyewe na kuzisoma kwa muda wake mwenyewe. Hapo ndipo tulipofika: mwajiri hadai tena kwamba masomo yanamla muda wake, kwa sababu muda unaoliwa si wake. Ni ule ambao mtoto angenyonya.

Kifungu cha 33 kinamzungumzia mwajiri. Chuo si mwajiri wa mwanafunzi wake, hata kama mwanafunzi huyo yuko pale kwa ruhusa ya masomo na mshahara wake unaendelea. Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi mwenye mtoto wa miezi mitano, aliomba awe anatoka nusu saa kabla ya kipindi kwisha. Nilimruhusu. Mwenzangu wa chumba cha pili angeweza kumkatalia, na sote wawili tungekuwa ndani ya kanuni. Haki inayotegemea mhadhiri ameamkaje siku hiyo inaitwa hisani.

Kuna mambo ambayo hayahitaji bajeti ya Bunge. Seneti za vyuo zinaweza kuandika katika kanuni zao kwamba saa mbili za sheria ya ajira zinamfuata mfanyakazi hadi darasani, na kwamba mahudhurio yahesabiwe hivyo. Chumba kimoja chenye kiti, mlango unaofungwa na maji kinaweza kupatikana katika kila jengo la mihadhara. Vyumba vya kuhifadhia viti vibovu tunavyo vingi. Mama aliyejifungua wiki sita kabla ya mtihani apangiwe tarehe nyingine kama anavyopangiwa aliyelazwa hospitali, bila kuandikiwa kuwa ameahirisha mwaka. Na ofisi za utumishi zinazotoa ruhusa za masomo zikipeleka barua chuoni, ziandike ndani yake kama mtumishi huyo ananyonyesha, endapo yeye mwenyewe ameridhia litajwe, kwa sababu kwa sasa barua ya likizo ya uzazi na barua ya ruhusa ya masomo hukaa katika jalada moja la mtumishi, na chuo hupelekewa moja tu.